Haki ya Aliyesimama Pembeni

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa miji yetu huyatenda kila siku pasi na kuyafikiri ni kupiga picha za watu waliokusanyika. Hapana arusi, hapana siku ya kuhitimu watoto wa chuo, hapana mkutano wa kamati wala ugeni wa jamaa watokao mbali, ila mwishowe husikiwa sauti ikiita: "Njooni, tukaeni pamoja tupigwe picha." Watu hujipanga, mmoja hunyanyua simu yake, hubonyeza, na jambo huwa limekwisha. Robo saa haijapita, picha ile imekwisha kuwafikia jamaa walioko Jidda, Muscat na London.

Jambo lenye wepesi huu ni taabu kulihisabu kuwa lina uzito. Lakini sisi twaona kuwa lina uzito, na sababu yake ni hii: picha ya mtu mmoja ni khabari yake na nafsi yake, bali picha ya watu kumi ni mgawanyo. Ndani yake mna mahali pa mbele na mahali pa nyuma, mna mwanga na kivuli, mna wa katikati na wa ukingoni. Na yuko mtu mmoja aliyeshika mashine ambaye ndiye agawaye hayo yote. Penye kugawa pana haki, na penye haki dhulma haiko mbali.

Basi swali tulilolileta mbele ya wasomaji wetu watukufu ni hili: picha njema ya watu wengi ni ipi? Je, ni ile impendezayo mtazamaji, au ni ile isiyomwonea yeyote aliyemo? Sisi twasema kwamba mara nyingi mambo haya mawili ni jambo moja, na atafutaye la pili hulipata na la kwanza. Walakini yakitengana, la pili ndilo la kushikwa.

Twajua kwamba wako miongoni mwetu wasiopenda picha kabisa, na khitilafu ya wanazuoni katika jambo hili ni ya tangu zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 na aliyefariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuhalalisha picha za mashine, hoja yake ikiwa kwamba huko ni kukizuia kivuli tu, si kuumba sura. Na wako wanazuoni wengine ambao hawakuikubali hoja hiyo. Hatuna nia ya kuamua baina yao hapa. Twayataja haya kwa ajili ya jambo moja: asiyetaka kupigwa picha ana hoja yake na heshima yake, wala si mshamba wala si mkaidi. Kumvuta mkono na kumcheka mbele ya watu ili aingie safuni ni kumwonea, na picha iliyoanza kwa uonevu haiwi njema hata ikitoka safi namna gani.

Tuanze na mahali pa kusimama. Desturi yetu ni kuwakalisha wazee na wageni mbele, na vijana kusimama nyuma. Ni desturi ya adabu, na inaafikiana na ufundi wenyewe, kwani aliyeketi hamzibi aliyesimama. Lakini huharibiwa na mambo mawili. La kwanza ni ubwana: mwenye cheo husimama katikati, mrefu wa kimo na mpana wa mabega, na nyuma yake wakapotea watu watatu wasioonekana ila kofia zao. La pili ni haraka: wale waliokuwa jikoni wakipakua, au uani wakipanga viti, hufika mwisho na kupata nafasi za ukingoni, ilhali wao ndio walioisimamisha shughuli kwa jasho lao.

Na ukingo una adhabu yake. Kioo cha kamera ya simu kimeundwa kitazame mapana, na vioo vya namna hiyo huvivuta vitu vilivyo pembeni. Aliye katikati hutoka kama alivyo. Aliye mwisho wa safu hutoka na kichwa kipana na bega nene kuliko alivyoumbwa. Dawa yake si ghali. Mpiga picha na arudi nyuma hatua nne au tano, aache nafasi tupu pande zote mbili, na safu ikiwa ndefu aikunje kama mwezi mchanga, wa pembeni wasogee mbele kidogo ili wote wawe na umbali mmoja na mashine. Mtu mmoja akitembea hatua tano, watu wawili husalimika na aibu. Kisha na awaulize wote swali moja: "Je, kila mmoja wenu aiona kamera?" Kwani asiyeiona kamera, kamera nayo haimwoni. Swali hili halichukui hata nukta tatu, nalo humwokoa mtoto mfupi aliyesukumwa nyuma na bibi aliyezibwa na mtandio wa mwenziwe.

Jambo la pili ni mwanga. Jua la saa sita mchana hapa pwani huanguka utosini. Macho huwa mashimo meusi chini ya kofia, na wanaolielekea hukunja nyuso kama wagomvi. Watu wakiondolewa juani wakawekwa kwenye kivuli cha ukuta au barazani, wote wakielekea upande uliofunguka, au wakingojewa hata baada ya alasiri, nyuso hulainika. Haya hujulikana na wengi. Lisilojulikana na wengi ni kwamba mashine ikiachiwa yenyewe mara nyingi haipimi uso wa mtu, bali hupima jumla ya weupe na weusi uliopo mbele yake. Penye kanzu nyeupe ishirini hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na nyuso hutoka giza. Penye mabuibui meusi ishirini hudhani mwanga ni haba, huuongeza, na nyuso hupauka. Kwa hivyo mwenye simu na aguse kwa kidole chake uso, asiguse kanzu. Na aanze na uso wa aliye mweusi zaidi, kisha atazame kama wa aliye mweupe haukuungua.

Msomaji asidhani kwamba hili la mwanga ni la ufundi tu, halina maadili ndani yake. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wenye kusafisha picha za rangi kadi ya kupimia rangi, na juu ya kadi hiyo palikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Rangi ikipendeza katika uso wake, kazi ilihisabiwa kuwa sawa. Matokeo yake yalionekana khasa katika picha za darasa, watoto weusi na weupe walipokaa pamoja: weupe walitoka wazi, na weusi wakatoka kivuli chenye macho na meno. Wazazi walinung'unika. Baadaye mmoja wa waliokuwa wakubwa wa kampuni hiyo alisimulia kwamba malalamiko yaliyoitikisa kampuni hayakuwa ya wazazi. Yalikuwa ya watengenezaji wa chakuleti na wa samani za mbao, waliotaka weusi wa bidhaa zao utokeze vizuri zaidi. Na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali haikutolewa mpaka miaka ya 1990.

Tazameni basi: sauti ya mwenye kuuza kabati ilisikiwa kabla ya sauti ya mama wa mtoto. Mashine haina ubaguzi moyoni, kwa kuwa haina moyo; ubaguzi ulikuwa kwa yule aliyeamua uso wa nani uwe kipimo. Nasi wa pwani tuna sababu zaidi ya kulizingatia hili, kwani katika safu moja ya arusi ya Mombasa au ya Lamu hukaa bega kwa bega watu wa kila rangi aliyoijaalia Mwenyezi Mungu, tena wa nyumba moja. Apimaye kwa uso mmoja huwazima nduguze wengine.

Jambo la tatu ni macho, na hapa ndipo penye moyo wa mas'ala yetu. Kila kiumbe hupepesa, na katika kundi la watu daima yuko anayepepesa. Mwaka 2006 Nic Svenson na Piers Barnes wa Australia walifanya hisabu ya jambo hili, wakapewa kwayo tunzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa uchunguzi unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kanuni yao ni nyepesi: kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi yao kwa 3 penye mwanga mzuri, au kwa 2 penye mwanga hafifu, nawe utapata idadi ya picha zinazohitajiwa ili ipatikane moja ambayo macho yote yamefunguka. Watu 12 barazani ni picha 4. Watu 12 usiku chini ya taa ni picha 6. Wakizidi hata kufikia 50, karibu hapana tamaa ya kupata picha isiyo na mwenye kupepesa.

Basi mpiga picha mwema hapigi mara moja. Hupiga mara nyingi, kisha huchagua. Na katika kuchagua huko ndimo hujulikana tabia ya mtu. Tuseme amepata picha sita. Katika moja mwenyekiti ametoka na haiba yake yote, lakini vijana wawili wa nyuma wamefumba macho na mmoja amefunua kinywa. Katika nyingine wote wako sawa, ila mwenyekiti ametoka mtu wa kawaida. Ipi itapelekwa? Desturi ya walio wengi ni kuipeleka ile iliyomtukuza mkubwa. Na kama mwenye simu naye yumo pichani, huipeleka ile iliyompendeza yeye mwenyewe. Sisi twasema kipimo ni kingine. Na aitazame kila picha kwa jicho la yule aliyetoka vibaya kuliko wote, ajiulize: lau ningekuwa mimi ndiye huyu, je, ningeridhia itawanywe? Msafara huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, na picha ya jamaa nayo hupimwa kwa uso wa aliyepunjwa.

Huenda mtu akatuambia: "Mwataka lisilowezekana. Nani awezaye kuwaridhisha watu hamsini?" Twamjibu kwamba hatukusema kuridhisha, tumesema kutoonea, na baina ya mawili haya pana masafa. Asiyependa pua yake hataridhika na picha yoyote, na hilo si juu ya mpiga picha. Lakini aliyenaswa akitafuna, au nguo imemwacha wazi, huyo ana haki, na kumfikisha mbele ya macho ya mji mzima ili wengine waonekane wazuri ni kumtoa yeye kuwa gharama ya uzuri wao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Siku hizi mashine zenyewe zimeleta njia ya mkato. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 8 inayoweza kuchukua uso wa mtu kutoka picha moja na kuutia katika picha nyingine, hata wote wakawa wamefumbua macho na kutabasamu kwa wakati mmoja. Na mwaka 2024 ikaja Pixel 9, inayomwingiza mpiga picha mwenyewe katika safu ya aliowapiga. Je, huu ni uongo? Sisi twaona kwamba jambo hili lafuata matumizi yake. Picha ya ukumbusho wa jamaa, ambayo wote waliomo walikuwapo na wote wanajua ilivyofanywa, twaona haina ubaya. Ni kama fundi kuiondoa mikunjo ya nguo. Bali picha inayotolewa kuwa ushahidi, ya kwamba fulani alihudhuria mkutano na fulani aliafiki kwa uso wa furaha, hiyo ikibadilishwa ni ushahidi wa uongo. Aliyekunja uso kwa sababu hakupendezwa na maamuzi ana haki ya kubaki amekunja uso.

Na lililo zito kuliko kuongeza ni kufuta. Nikolai Yezhov alikuwa mkuu wa polisi ya siri ya Urusi ya Kisovieti, na katika picha iliyopigwa mwaka 1937 kando ya mfereji wa Moscow anaonekana ubavuni pa Stalin. Alipoanguka, akauawa mwaka 1940, picha ile ilitengenezwa upya: mahali alipokuwa yeye pakawekwa maji ya mfereji. Yezhov mwenyewe alikuwa ameyapoteza maisha ya watu wasiohesabika, wala hatumlilii. Lakini kumfuta hakukuwarudishia waliouawa chochote. Kulimpa tu aliyebaki nafasi ya kujifanya hakupata kuwa naye.

Kazi ile ilihitaji mafundi, visu na rangi. Leo hufanywa kwa kidole, na mtoto wa miaka kumi. Ndugu wawili wakigombania mirathi, mmoja aweza kumwondoa mwenziwe katika picha ya marehemu baba yao kabla chai haijapoa. Mke akiachwa, aweza kufutwa katika picha ya Idi alimokaa na watoto wake mwenyewe. Wafanyao hivi hudhani wanatuliza nyoyo zao. Kumbe wanawadanganya ambao hawajazaliwa. Wajukuu wataitazama picha ile na kusema babu alikuwa na wana watatu, ilhali walikuwa wanne. Asiyetaka kumwona mtu na asiitazame picha. Lakini aiache kama ilivyo.

Yuko na afutwaye bila ya kuguswa, naye ni asiyeandikwa jina. Seyyid Barghash bin Said wa Unguja alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha pamoja na washauri wake, na picha hiyo ingalipo. Picha nyingi za zamani za pwani yetu zimehifadhiwa zikiwa na jina la mkubwa mmoja, na waliobaki huitwa wafuasi au watumishi, au hawatajwi kabisa. Walikuwa na majina, na mama zao waliwaita kwayo. Basi picha ya darasa, ya kamati au ya ukoo ikisha kupigwa, majina ya wote na yaandikwe, safu kwa safu, kuanzia kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka na mahali. Na aandikwe mpishi kama alivyoandikwa mgeni rasmi. Kazi ya dakika kumi leo haitawezekana hata kwa mwaka mzima baada ya miaka arubaini.

Tumebakisha jambo ambalo ndilo khasa lililotusukuma kuandika. Kila Ramadhani, na kila ikija mvua kubwa au njaa, twaona picha za watu waliopangwa mbele ya magunia ya unga na mitungi ya mafuta. Mtoaji yuko katikati, amenyoosha mkono. Na mpokeaji, mara nyingi mjane au yatima, ameambiwa aelekee kamera na ashike gunia vizuri lionekane. Picha hiyo kwa ufundi huenda haina kasoro: mwanga mzuri, macho yote yamefunguka. Lakini mmoja katika safu ile hakuja kupigwa picha. Amekuja kwa sababu watoto wake wana njaa, na ameelewa bila ya kuambiwa kwamba uso wake ndio thamani ya unga. Idhini ya mwenye njaa mbele ya chakula si idhini. Tena tumefunzwa sote tangu chuoni kwamba masimbulizi huibatilisha sadaka. Na ni masimbulizi gani yaliyo marefu kuliko picha, ambayo kila mwaka hurudi kumkumbusha jirani kwamba alisaidiwa?

Wako wema wanaofanya haya kwa nia safi, nao hutoa udhuru: "Waliotuma fedha wataka kuona zimefika." Udhuru huu una ukweli, kwani fedha za watu ni amana na hisabu ni wajibu. Lakini hisabu ya unga ni idadi ya magunia, si idadi ya nyuso. Ipigwe picha ya shehena ilipofika na ya ghala lilipobaki tupu. Wapigwe picha vijana waliobeba, nao wasimame safu moja na waliotoa, kwani hao wote walikuja kwa khiari yao. Aliyepokea na atiwe katika daftari lililo mikononi mwa waaminifu, si katika simu za mji mzima. Na mtoaji asiyetosheka ila aone uso wa yatima, yafaa ajiulize alikuwa akinunua nini.

Na wala hili si la dini peke yake. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi katika khabari za mtoto, na picha yake ni katika khabari hizo. Na mwaka 2023 skuli moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kueneza picha za wanafunzi wake bila ya ruhusa ya wazazi. Serikali imeliona jambo hili; ni vibaya sisi, tunaojisifu kwa sitara, tukawa wa mwisho kuliona. Katika arusi za wanawake watu wa pwani hujua sana kuuliza nani ameshika simu na kwa nini. Hadhari hiyo hiyo na tuitoe nje ya ukumbi wa arusi, tuwape nayo masikini na watoto.

Basi, ndugu zetu, mwenye kunyanyua kamera mbele ya watu na ajue kwamba kwa muda ule mdogo amefanywa mgawaji, kama aliyeshika upawa mbele ya sinia. Na arudi nyuma ili wa pembeni waenee, aupime mwanga kwa uso wa aliye kivulini, na asichoke kurudia mpaka wote watoke sawa. Na asiyetaka kuwamo aachwe kwa heshima. Mgawaji mwema hujulikana kwa sahani ya aliyekaa mbali. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzitazama haki za watu hata katika mambo yaliyo madogo machoni, kwani ni katika hayo madogo ndimo watu wengi hudhulumiwa wakanyamaza.